Barua kutoka Luthuli: Volti Tano Zilizogoma



Nakuandikia kutoka Nairobi nikiwa na sweta juu ya sweta, maana baridi ya Julai huku haina masihara na watu wa pwani. Nilipanda SGR Mombasa kwa shilingi 1,500, nikashuka Syokimau na kuunganisha treni ndogo hadi mjini. Wengine huja huku kuona twiga. Mimi nimekuja kuona pawa saplai, na nakuhakikishia sijajuta.

Mtaa wa Luthuli unausikia kabla hujauona. Kila duka limetoa spika mlangoni na kila spika ina wimbo wake. Nilikunywa chai ya maziwa na mandazi mawili kwa shilingi 60. Mandazi mazuri, ya moto, ila hayakuwa mahamri, na mbaazi nilipoziulizia mhudumu alinitazama kwa huruma akaniongeza sukari.

Karakana ya mwenyeji wangu iko ghorofani, chumba chembamba chenye harufu ya risasi iliyoyeyuka. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu, vuta kiti." Pembeni yake alikuwa binti anayejifunza kazi, kompyuta ikiwa mapajani. Mteja wao ana kioski cha kuchaji simu kwa sola: betri zinatoa volti 24, simu zinataka 5. Kazi hiyo wanaipa chipu ya LM2596, inayokata na kuunganisha umeme mara 150,000 kwa sekunde. Lakini Mzee hagusi chuma cha kulehemu kabla saketi haijaigwa kwenye LTspice, programu isiyolipiwa hata senti. Kipuri kinachoungua mezani, asema, ni pesa ya mtu.

Basi binti akabonyeza, nasi tukakodoa macho. Volti sifuri! Mstari umelala chini. Akakagua betri, akakagua swichi, akageuza dayodi na kuirudisha. Mzee alikuwa anakoroga chai yake tu. Mwishowe akaweka kidole kwenye rezista ndogo iliyowekwa sambamba na mzigo. Binti alikuwa ameiandikia 1M, akikusudia omu milioni moja. Programu hii haijali herufi kubwa wala ndogo: M kwake ni mili, kwa hiyo ilisoma elfu moja ya omu, na umeme wote ukawa unapita hapo njia ya mkato. Ukitaka milioni unaandika Meg. Akaandika, na mstari ukainuka. Tulishangilia hadi jirani akachungulia.

Ukainuka kupita kiasi, kusema kweli. Kabla milisekunde moja haijatimia, volti zilikuwa karibu 9 na koili inabeba zaidi ya ampea 10, ilhali ile iliyopo mezani ni ya ampea 3. Chipu halisi ina kikomo chake cha mkondo. Mwigo ulikuwa na swichi tupu inayopigwa kwa mapigo yasiyobadilika. Binti akaifanya betri ipande polepole kwa milisekunde 5, mruko ukatulia. Zikabaki volti 4.7. Mahesabu ya 5 kwa 24 yanadai swichi iunganishe umeme kwa asilimia 21 hivi ya muda, lakini hayaihesabu dayodi, ambayo hula karibu volti 0.4 kila swichi inapokata. Akapandisha hadi asilimia 22, tukakaribia 5 kabisa.

Hapo stima ikapotea mtaa mzima na spika zote zikanyamaza kwa mkupuo. Tukashuka kula smokie zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari, shilingi 40 moja. Muuzaji anapasua, anajaza na kurudisha chenji kwa mkono uleule. Nilikula mbili. Usimwambie daktari wangu.

Stima iliporudi ndipo nilipoona jambo lililonifanya nikuandikie. Mawimbi madogo juu ya zile volti 5 yalikuwa milivolti 3 tu, laini mno. Mzee akatoa bodi ya zamani yenye vipuri vilevile, akaishika kwa oskiloskopu: milivolti 80, zenye meno ya pembetatu. Hakusema kitu. Binti akabonyeza kapasita kwa kitufe cha kulia, akajaza ukinzani wa ndani, omu 0.1. Pale pale wimbi likafika 80 na meno yakatokea, yaleyale! Akajaribu 0.5, hali ya kapasita iliyozeeka na kukauka: milivolti 400. "Umeona sasa kwa nini kapasita ikikauka simu husumbua?" akaniuliza Mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Vipuri tulivinunua chini: bodi ndogo yenye LM2596 shilingi 250, kapasita nzuri 30. Kuna za 10 pia. Mzee alizipita bila kuzitazama. Saa kumi na moja jioni simu ya mteja ilikuwa inachaji.

Kwa hiyo, mpendwa, saketi yako ikikusumbua, usiniandikie kwamba kwenye kompyuta inafanya kazi. Ipe kila kapasita ukinzani wake kwanza, ndipo unitumie faili nimpelekee Mzee. Nisalimie wote nyumbani, na mwambie Mama aniwekee mbaazi za Jumapili.