Bei ya Paja

Kuku wa kukaanga wa hoteli kubwa za Dar es Salaam ni chakula kidogo chenye bei ndefu. Masaki, Oysterbay na Posta, sahani ya robo kuku, chipsi na kijibakuli cha kabichi iliyotiwa mayonizi hupita shilingi 20,000 kwa bei za miaka hii ya 2020, na kwingine hugusa 30,000 kabla soda haijafika mezani. Nje ya geti, mwendo wa dakika tano kwa miguu, kijana wa banda la chipsi hutoa robo ya kuku wa aina ileile kwa kiasi cha robo ya bei hiyo. Ndiyo maana wanaotoka hotelini huulizana kama hela yao imekwenda kihalali. Walio wadogo zaidi huuliza wakiamini kwamba kuku siku zote alikuwa kitu cha kununuliwa vipande, kikiwa tayari, saa yoyote mtu akisikia njaa.

Kuku wa miaka ya 1970 alikuwa na miguu, sauti na mwenyewe. Katika nyumba nyingi za mjini aliliwa sikukuu, au alipoingia mgeni wa kuheshimiwa, na mgeni huyo aliujua uzito wake nyumbani kwa jinsi watoto walivyotumwa kumkimbiza jogoo uani. Asiyefuga alikwenda Kisutu, soko ambalo sasa limebomolewa na kuinuliwa upya kwa ghorofa, au alimsubiri mchuuzi wa mtaani mwenye tenga la kuku wa Singida na Dodoma. Mnunuzi alimshika kuku chini ya mbawa, akampima kwa mkono, akampapasa kidari, akaangalia macho, kisha akaanza kuteta bei. Kazi hiyo ilichukua robo saa na haikuwa na aibu.

Kilichofuata kilikuwa na harufu ambayo mji umeisahau. Kuku aliyechinjwa alitumbukizwa katika maji ya moto ili manyoya yalegee, na manyoya yaliyoloa yalinuka kitu kati ya udongo wa mvua na nguo ya sufu iliyokaa sandukuni. Baada ya kunyonyolewa alibabuliwa juu ya gazeti linalowaka ili malaika yaungue, na harufu hiyo ya pili, ya nywele zilizoungua, ilivuka ukuta na kuwajulisha majirani kwamba nyumba fulani leo ina mgeni. Haikuwezekana kula kuku kwa siri. Firigisi ilikuwa ya baba au ya mkwe, shingo na miguu ya watoto, na paja la mgeni. Kuku mmoja alitosha watu wanane kwa sababu mchuzi ndio ulioshibisha. Nyama ilikuwa ushahidi tu.

Kukaanga kulikuja mwisho, na si kila mara. Kuku wa kienyeji hukua miezi mitano, sita au zaidi, akitembea kutwa, na misuli yake hukaza. Akitupwa mbichi ndani ya mafuta huungua nje huku ndani akibaki kama kamba. Kwa hiyo wapishi humchemsha kwanza, kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, mpaka uma upenye, halafu humpitisha kwenye mafuta ili ngozi ikauke. Miaka ya foleni, mafuta ya kula yalipatikana kwa chupa na kwa kujuana, na kuku wa kukaanga alikuwa anasa maradufu: ndege adimu ndani ya mafuta adimu. Aliyemla hotelini wakati huo alilipa sana, na hakuna aliyeshangaa alilipia nini.

Kuku wa kisasa hakupokewa kwa shangwe. Shirika la umma la kuku, NAPOCO, lilikuwepo, vifaranga viligawiwa, na maofisa waliokuwa na nafasi uani walijenga mabanda ya wavu. Walaji walilalamika kwamba nyama ni laini mno, haina utamu, na inanuka dagaa. Malalamiko ya mwisho yalikuwa na msingi, maana dagaa walisagwa na kutiwa katika chakula cha kuku, na wakizidi, harufu huhamia kwenye nyama. Lakini ndege huyo alikuwa na sifa moja iliyoshinda kasoro zote. Broila wa leo hufika sokoni kwa wiki nne hadi sita, na nyama ya umri huo huiva ndani ya mafuta bila kuchemshwa kwa saa nzima. Bila yeye banda la chipsi lisingekuwa na kuku wa kuuza kila jioni.

Banda moja la namna hiyo lilisimama Magomeni Mapipa, upande wa Barabara ya Morogoro. Mwaka lilipoanza una ubishi. Wapo wanaosema 1986, wapo wanaosema 1988, na mpangaji mmoja wa jirani alishikilia kwamba lilikuwepo alipohamia, ingawa hakumbuki alihamia lini. Ubishi huo hauna faida; wote wanakubaliana kwamba karai lilikuwa tayari jeusi. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo kutoka Singida, aliyeanza kwa kuuza kuku wazima kwenye tenga, na wateja wa rika zote walimwita Mjomba.

Siku yake ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Hata broila aliwachemsha, kwa tabia aliyotoka nayo kwa kuku wa kienyeji, na sufuria ile ilimpa bidhaa mbili. Asubuhi mkewe aliuza supu, kwa chapati na ndimu, kwa makondakta na walinzi waliomaliza lindo. Hela ya supu ilinunua mkaa na viazi. Jioni nyama iliyoiva nusu, imechanjwa kwa kisu na kupakwa binzari kidogo kwa ajili ya rangi, ilipangwa ndani ya kabati la vioo lenye taa. Kuku kwake alikuwa na robo nne: mbili za mbele, kidari na bawa, na mbili za nyuma, paja. Paja ndilo lililotangulia kwisha, kwa kuwa kidari kikikaa hukauka, na mazungumzo ya saa mbili usiku yalikuwa yaleyale kila siku.

“Shikamoo, Mjomba. Niwekee paja.”

“Marahaba, mwanangu. Paja limekwenda. Chukua kidari, nitakukaangia upya.”

Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Alitupa kipande kimoja cha kiazi ndani ya karai. Kikizama na kukaa kimya, alipepea mkaa; kikipanda juu na kuzungukwa na povu, nyama iliingia. Hakukaanga kuku pamoja na chipsi, maana viazi vibichi vina maji na hupoza mafuta ghafla, na ngozi iliyo katika mafuta yaliyopoa huyanywa badala ya kukauka. Dakika nne au tano, kipande kilitoka, kikatikiswa kwenye chujio, kikakatwa kwa panga fupi juu ya gogo: ta, ta, ta, mifupa na vyote. Kachumbari, pilipili, chumvi, njiti mbili za kulia. Kifungashio kilikuwa gazeti, na mafuta yalipolowesha karatasi habari za ukurasa wa pili zilisomeka kupitia ule wa kwanza.

Usiku alichuja mafuta kwa kitambaa. Mafuta yaliyotumika mno huwa meusi, hutoa moshi mapema na kuacha ladha chungu kooni, na yeye aliyaondoa yalipoanza kutoa povu jembamba lisilotulia. Mabanda mengi ya sasa huongeza mapya juu ya machakavu, wiki nenda wiki rudi, na sosi ya chupa iliyotiwa maji na unga ndiyo inayofunika dhambi hiyo. Kabati la vioo bado lipo na taa ipo, ila mkaangaji hubadilika kila mwezi na hana wa kumfundisha.

Banda liliondolewa barabara ilipopanuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka. Mabasi yalipoanza safari mwaka 2016 mwenyewe alikuwa ameshafariki, na mahali pake pana zege, lile la kweli, si chipsi mayai.

Mengine yalikwenda haraka. Miaka ya 1990 mafuta ya mawese ya Asia yalifika kwa madumu na banda likawa kila kona. Mwaka 2006, kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, kuku na vifaranga kutoka nje vilizuiwa, na wafugaji wa Kibaha na pembezoni mwa Dar es Salaam wakapata soko. Katazo hilo lilitiliwa mkazo kwa namna ya kutisha mwaka 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipochomwa moto Namanga. KFC ilifika Nairobi mwaka 2011 na baadaye Dar es Salaam, ikaleta kuku wa unga mkavu na sufuria inayokaanga kwa shinikizo, mbinu ambayo Harland Sanders wa Kentucky alianza kuitumia mwaka 1939 kwa sababu kikaango cha kawaida kilimchelewesha nusu saa na wasafiri hawakungoja. Hoteli za viyoyozi ziliiga unga, zikaiga jina la Kiingereza kwenye orodha ya vyakula, na mara nyingi hazikununua sufuria.

Kinacholipiwa leo kinaweza kuhesabiwa. Hoteli hununua broila mzima aliyesafishwa, wa kilo moja na kitu, kwa bei ya jumla isiyofika nusu ya bei ya sahani moja. Robo yake, gramu 300 hivi pamoja na mfupa, ni kama sehemu ya kumi ya kile mteja anacholipa. Viazi na mafuta huongeza kidogo. Katika sahani ya 25,000, VAT ya asilimia 18 peke yake ni kama 3,800, fedha ambayo banda halitozwi. Iliyobaki ni pango, mishahara, kiyoyozi, jenereta la siku umeme unapokatika, mlinzi wa magari, choo chenye maji na sabuni, na kiti ambacho mteja anaweza kukikalia saa tatu bila kufukuzwa. Zamani ndege ndiye aliyekuwa ghali na kiti kilikuwa cha bure. Sasa ndege ndiye kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani, kasoro labda kabichi.

Kwa mwenye kikao, au anayemtoa mchumba, kiti hicho kina thamani yake na hakuna sababu ya kumcheka. Kwa aliyefuata kuku, hukumu inategemea jiko, na jiko hujulikana kwa saa. Paja bichi katika mafuta ya nyuzi 170 huhitaji dakika kumi na mbili hadi kumi na tano ili joto lipenye mpaka mfupani. Sahani inayofika baada ya dakika tano imebeba nyama iliyoiva mchana, ikalala kwenye friji na kupashwa moto. Kwa Mjomba hilo halikuwa siri wala kosa, maana bei yake ilisema hivyo. Kulipa mara nne kwa kazi ileile, tena bila supu, ni hasara ya wazi. Hoteli inayomlaza kuku katika mtindi na viungo usiku kucha, ikampaka unga anapoagizwa na kumkaanga kwa mafuta safi, inauza kitu ambacho banda haliwezi: ngozi inayovunjika na nyama yenye maji chini yake. Hoteli za namna hiyo zipo, nazo huonya tangu mwanzo kwamba chakula kitachelewa.

Mteja mwenye haraka naye huzikosea hoteli hizo. Sahani nyingi hurudishwa jikoni kwa sababu ya wekundu karibu na goti la paja, ikidhaniwa kuku hajaiva. Broila huchinjwa mchanga, mifupa yake ina vitundu, na uboho hupenya nje na kuigeuza nyama ya jirani kuwa nyekundu au nyeusi hata ikiwa imeiva kabisa. Mhudumu anayelieleza hilo huonekana mkaidi. Asiyelijua huomba radhi, na nyama nzuri hurudi mafutani kukauka.

Juu kabisa ya orodha, kwa bei kubwa kuliko zote, yuko kuku wa kienyeji wa kukaanga, yule aliyekimbizwa uani. Wengi kati yao ni chotara, Kuroiler na Sasso, waliofugwa ndani kwa chakula cha gunia kwa miezi mitatu hivi. Ni nyama nzuri kuliko ya broila na si kosa kuiuza. Kosa ni jina. Mjomba aliletewa ubishi huo mara kadhaa na wachuuzi waliotaka kumpa chotara kwa bei ya Singida. Alimaliza kwa meno. Mfupa wa broila ukitafunwa kichwani husagika kama muwa mkavu. Wa chotara hukatika kwa shida kidogo. Wa kuku aliyetembea hautoi kitu, na mwenye kuutafuna huuweka pembeni ya sahani ukiwa mzima, mweupe, na unang'aa.