Randa mpya au mtumba?
Huku Lushoto baridi kama kawa. Kaka yangu seremala anataka mashine ya randa. Ile mpya aliyoiona ni nyepesi mno, kwenye mkaratusi itaruka ruka tu. Mtumba wa Ulaya ni chuma kizito, beringi unabadilisha, ila mota ni fezi tatu, volti 400, na nyumbani tuna fezi moja, 230. (Wa Japani ndo balaa, volti 100, bila transfoma unaungua!) Hela yenyewe ni ya ng'ombe wa mama, ambaye maziwa yake yalinilipia ada ya sekondari. Nimemwambia, "Kaka, chukua mtumba wa mkanda, mota tufunge mpya ya fezi moja." Jumamosi tunashuka Mombo kuucheki.