Mzururaji wa Nsemulwa Mjini Berlin

Kaunta buku langu lina pande mbili. Kushoto nimeandika Berlin, kulia nimeandika nyumbani, Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda. Ni tabia ya kazi. Miaka yote niliyokuwa reli niliandika treni zilizoingia upande huu na zilizotoka upande ule, na jioni pande mbili zisipolingana ilikuwa hakuna kulala. Za safari hii hazikulingana hata kidogo.

Mtoto wa dada yangu anasoma huko. Jumapili moja ya Juni 2025 akanigongea mlango wa chumba mapema. "Mjomba, leo hatuna ratiba. Tunatembea tu."

"Tunatembea kwenda wapi?"

"Hatuendi mahali. Tunatembea."

Nilivaa viatu huku nimeduwaa. Kwetu neno kutembea lina heshima yake: umekuja kutembea, maana yake umemtembelea mtu, utakaribishwa kiti na utaulizwa habari za ulikotoka. Kutembea bila mwenyeji ni kuzurura, na mzururaji si mtu wa kuaminiwa. Mwaka 1983, serikali ilipopitisha Sheria ya Nguvukazi, kijana aliyekutwa mjini bila kazi aliweza kurudishwa kijijini akalime. Mimi nilikuwa na kitambulisho cha reli na nilikibeba hata nikienda msalani. Mtu aliyekulia katika hayo haambiwi kirahisi kwamba leo haendi mahali.

Lakini Jumapili ya Berlin ni siku ya wazururaji. Maduka yamefungwa kwa sheria, wameachiwa waoka mikate, migahawa na wachache wengine. Watu wazima, wenye akili zao na mbwa wao, wanatoka na kwenda polepole bila mzigo. Mpanda Jumapili ukitoka ibadani unapita Soko Kuu, unanunua dagaa au mgebuka wa Ziwa Tanganyika, unamwona fundi, unapitia msiba. Miguu haitoki bure.

Mpwa wangu amepanga Wedding, kaskazini mwa jiji, kwenye mitaa wanayoiita ya Kiafrika. Nilidhani ananitania aliponionyesha kibao cha Sansibarstraße, kisha Ugandastraße, kisha Usambarastraße. Majina ya namna hiyo walianza kuyaweka enzi zile wakijipongeza kwa makoloni. Hatua chache mbele kuna barabara pana yenye miti iliyoitwa Petersallee, ambayo wakazi wengi wa Kiafrika waliilalamikia kwa miaka kwa ajili ya Carl Peters, yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina lile liling'olewa. Sehemu moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia, na nyingine Maji-Maji-Allee. Nikasimama chini ya kibao. Bibi mmoja alipita na mkate mkononi, akaniona mzee mweusi ninacheka peke yangu, akaniamkia.

Upande wa kulia wa daftari hapo niliandika kwamba Nsemulwa tunaelekezana kwa watu na vitu: shuka kwenye mwembe, kata kona pale kwa fundi baiskeli. Mwembe ukikatwa, jina linabaki mwaka mzima na mgeni anapotea.

Tulishuka chini ya ardhi tukapanda treni ya U6. Hakuna geti. Unanunua tiketi, unaigonga muhuri mwenyewe kwenye kisanduku, unaingia. Mkagua tiketi anaweza kuja kama abiria wa kawaida, jinzi na kofia, halafu anatoa kitambulisho. Ukikosa tiketi ni euro 60. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kwa mbinu hii kwenye reli yetu ya Kaliua tungepata mapato mara mbili. Akasema na ngumi mara mbili.

Jumba la Makumbusho ya Viumbe liko Invalidenstraße. Niliambiwa kuna mifupa ya dainosaria, nikaingia kwa adabu tu ya mgeni. Kisha nikainua kichwa. Mnyama amesimama mita 13 na zaidi, shingo imepanda hadi karibu na dari ya vioo, na mimi kichwa changu hakifiki kifuani pake. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, na kwao ni Tendaguru, mkoani Lindi.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika juzi tu, mwaka 1907, na kusini yote ilikuwa bado inazika. Mamia ya vibarua walifukua mifupa, wakaifunga kwa udongo na mianzi, wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikaa kwenye karatasi za wataalamu hadi mwaka 2007, dainosaria mwingine wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii.

Mtu wa reli akiona mzigo anapiga hesabu, hawezi kujizuia. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Hayo ni mabehewa sita hivi ya tani arobaini; kichwa kimoja cha treni kinavuta bila jasho. Kwa mtu mwenye kilo thelathini kichwani ni safari zaidi ya elfu sita. Nilikaa kwenye benchi nikaandika hesabu ile mara mbili nikidhani nimekosea sifuri. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama mnyama kutoka chini, na nadhani wao ndio waliojua namna ya kumtazama.

Upande wa kulia: reli yetu. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu Wazungu walitaka madini ya risasi. Mgodi ulifungwa miaka kumi hivi baadaye. Reli ikabaki, ikajikuta inabeba mahindi, karanga, asali, kuku na wanafunzi, na mji ukakua mwishoni mwake. Tendaguru hawakubakiwa hata na taruma moja.

Hatukuona kitu kingine mle ndani. Mpwa alitaka kunionyesha ndege na vimondo, nikakataa. Kitu kikubwa kimoja kwa siku kinatosha. Alikuwa amependekeza pia bustani ya wanyama, kuna nyumba ya viboko yenye vioo, unamwona kiboko akiogelea. Nikamwambia viboko nimewaacha Sitalike, chini ya kilomita arobaini kutoka kwangu, wamejazana Mto Katuma kama abiria wa daraja la tatu. Nilisema kwa majivuno. Baadaye kidogo nikakumbuka kwamba kila nilipopita Sitalike nilikuwa ndani ya gari, nina haraka, na sijawahi kushuka nikasimama.

Tukafuata Invalidenstraße kwa miguu kuelekea mashariki, tukila aiskrimu barabarani. Mzee wa umri wangu akila aiskrimu akitembea Nsemulwa, watoto wake wataitwa kikao. Hapa walikuwa wamejaa wazee wenzangu, ndimi nje. Lango la Brandenburg nilikwisha kuliona jana yake kupitia dirisha la basi namba 100, na Mnara wa Televisheni, mita 368, unakuona wewe popote ulipo. Vitu hivyo sikuvitafuta.

Brunnenstraße namba 193 kuna kijiwe cha shaba, upana wa sentimita kumi, kimepachikwa kwenye njia ya wapita miguu. Unaweza kukikanyaga usijue. Mpwa wangu alichuchumaa akakifuta kwa leso. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Akiwa mtoto alikwenda vitani na baba yake, askari wa Wajerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake. Hakulipwa. Akawa mhudumu wa mgahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaigiza filamu nyuma ya Wazungu. Mwaka 1941 wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 alikufa kambini Sachsenhausen.

Nami najua foleni ya mafao, najua "njoo wiki ijayo, faili halijashuka." Lakini kuvuka bahari kufuata malimbikizo! Tulikaa pale kitambo. Mtu mmoja akashuka kwenye baiskeli kutupisha.

Waswahili wamelitazama jiji hili zamani. Amur bin Nasur alifundisha lugha yetu hapa miaka ya 1890 na akaandika aliyoyaona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kufundisha mwaka 1900 na akafia hapa 1927. Sasa nimekuja mimi na kaunta buku langu.

Kituo cha Rosenthaler Platz kiko hatua chache. Mpwa aliponieleza habari za kituo hicho nilimwomba tuache treni mbili zipite. Ukuta ulipojengwa mwaka 1961, njia ya U8 ilianzia magharibi, ikapita chini ya mashariki, ikatokea tena magharibi. Vituo vya katikati vikafungwa. Treni ilipunguza mwendo kwenye jukwaa lenye mwanga hafifu na walinzi wenye bunduki, haikusimama, ikaendelea. Miaka ishirini na minane! Nimeona stesheni ambayo treni haiji kwa sababu mvua imechukua tuta. Watu wanakaa juu ya magunia na wanasubiri, na siku ikija wanapiga vigelegele. Stesheni ambayo treni inapita kila siku na haifungui mlango, hiyo sikuwa nayo upande wa kulia. Nikaacha mistari mitupu.

Tukashuka Hermannplatz, kusini. Karibu na hapo kuna Lucy-Lameck-Straße. Hadi 2021 iliitwa Wissmannstraße, kwa Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa pwani na kumnyonga kiongozi wa upinzani huo, Bushiri, huko Pangani mwaka 1889. Sasa ni ya Lucy Lameck wa Moshi, muuguzi aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri Tanzania. Mtaa wenyewe wa kawaida kabisa: magari yameegeshwa, nguo kwenye baraza za ghorofa, kijana anahamisha godoro. Nilipenda hivyo.

Jioni tulimalizia Tempelhof. Ulikuwa uwanja wa ndege. Mwaka 1948 na 1949 ndege zilishusha hapo makaa na chakula kwa jiji lililozingirwa. Ulifungwa 2008, na mwaka 2014 wananchi wakapiga kura pasijengwe chochote. Wanarusha tiara, wanachoma nyama, wanateleza kwa viatu vya magurudumu juu ya njia ya kurukia ndege. Mpanda tuna kata nzima inayoitwa Uwanja wa Ndege, na ukikutwa unatembea pale ndege inapotua utaeleza vizuri. Eneo kubwa hivi katikati ya mji kwetu lingekuwa limepimwa viwanja, nami ningekuwa wa kwanza kuchukua fomu. Nililala kwenye majani. Saa tatu na nusu usiku jua ndiyo kwanza linazama. Siku nzima hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi, na ilipofika hapo nilitamani aulize mmoja.

Nilirudi Julai. Jumapili ya kwanza, saa kumi jioni, nilivaa viatu vilevile nikatoka nyumbani Nsemulwa kwenda kuitazama stesheni, basi, bila shughuli. Jirani wa kwanza: "Mzee, kuna msiba?" Wa pili alitaka kujua kama ng'ombe wamepotea. Mama wa genge la mihogo akanisalimu, "Shikamoo," halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Kabla sijafika nusu ya njia, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo pembeni yangu, akanitazama miguu, akanitazama uso.

"Panda, mzee. Usijali, hulipi."

Nilifikiria namna ya kumweleza. Nikapanda.