Nyumba ya magurudumu na somo la Babu

Siku mume wangu alipoivuta karavani ile kuukuu hadi langoni petu mtaani Kahawa, watoto walishangilia na majirani wakatoka kutazama. Baba mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Machakos, hakushangilia. Aliizunguka mara moja, akaigonga ubavu kwa mkongojo, kisha akauliza:

"Mimi nililala chini ya lori nusu ya ujana wangu ili nyinyi mlale nyumbani. Sasa mmenunua nyumba ya kwenda kulala porini?"

Hakuna aliyemjibu. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa na jibu.

Karavani hiyo tuliipata nyuma ya karakana moja viungani mwa Nairobi, kuku wakitagia ndani. Ilikuwa na urefu wa mita nne hivi, viti vinavyogeuzwa vitanda, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi. Bei ilikuwa Sh180,000. Kwa familia yenye watoto watatu shuleni hizo si pesa za kuchezea, nami sikuficha manung'uniko yangu. Mume wangu akanipigia hesabu: likizo ya hoteli Mombasa kwa watu watano huisha baada ya siku nne, lakini karavani hubaki.

Hesabu hiyo ilimsahau fundi. Anayenunua kitu kuukuu hununua pia siri za aliyekiuza. Tulipoinua zulia tulikuta mbao za sakafu zimeoza kwa maji yaliyokuwa yakivuja dirishani, na waya wa breki umeshikwa na kutu. Mafundi wa jua kali walikaa nayo wiki mbili. Tairi zilionekana nzuri, meno yake hayajalika, hadi kijana wa panja alipotuonyesha tarakimu nne ubavuni: 3109. Maana yake, alisema, tairi zile ziliundwa wiki ya 31 ya mwaka wa 2009. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kazi. Tukanunua mpya.

Mteremko wa Mai Mahiu

Safari ya kwanza ilikuwa ya Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Tulipakia kana kwamba tunahama: mitungi ya maji, gunia la mkaa, unga, sufuria na baiskeli mbili. Vyote tulivirundika nyuma kabisa, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi.

Baada ya Rironi barabara hufika ukingoni mwa Bonde la Ufa, na mlima Longonot unaonekana kule chini kama chungu kilichovunjika mdomo. Watoto walikuwa wakiutazama wakati lori refu lilipotupita kwa kasi. Upepo wake uliisukuma karavani, ikaanza kuyumba kushoto na kulia, na gari letu nalo likaanza kuyumba. Mume wangu akakanyaga breki. Ikawa mbaya zaidi. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, akapiga yowe. Tulipofaulu kusimama, gurudumu la kushoto lilikuwa hatua chache tu kutoka ukingo wa barabara, na baada ya hapo ni bonde.

Hatukuzungumza hadi Naivasha.

Usiku huo, katika kambi moja kusini mwa ziwa, viboko walitoka majini kuja kula nyasi. Mngurumo wao ulikuwa kama wa mtu anayekokota kabati sakafuni. Watoto walibana nyuso zao dirishani kwa furaha. Mimi nililala macho nikipiga hesabu ya kuiuza karavani. Siku ya kurudi tuliukwepa mteremko ule tukapitia barabara ya juu, ya Kinungi na Limuru. Jumatatu nikaandika tangazo: "Karavani inauzwa."

Mzigo mliuweka wapi?

Babu alipopata habari hizo, hakutucheka kama nilivyotarajia. Aliuliza swali moja tu: "Mzigo mliuweka wapi?"

"Nyuma, Baba," nikamjibu.

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo watoto wetu walipojua kwamba babu yao alikuwa taniboi wa malori ya Nairobi na Kisumu katika miaka ya sitini na sabini, akipita mteremko ule ule. Alichukua kipande cha mkaa, akachora ukutani. Trela ni kama mizani, alisema, na magurudumu ndiyo katikati yake. Ukijaza mkiani, pua inainuka na trela inaanza kuyumba. Vitu vizito viwekwe sakafuni, juu ya magurudumu na mbele yake kidogo, ili kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wote ikalie chuma cha kuvutia. Ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, iache itulie. "Na gia unayopandia mlima ndiyo unayoteremkia," akamalizia.

"Basi twende wote, Babu," akasema kifungua mimba wetu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza tunaondoka siku gani.

Asubuhi ya safari ya pili alisimama mlangoni mwa karavani kwa saa mbili. Kila kitu kilichopita mbele yake alikiuliza kazi yake. Nusu ya mizigo ilibaki nyumbani, na sikumbuki hata kimoja tulichokihitaji baadaye. Tuliteremka Mai Mahiu polepole, malori yakitupita, karavani ikifuata kama ng'ombe mpole.

Chini ya mteremko tulisimama penye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mnamo 1942, walipokuwa wakiijenga barabara hiyo. Babu alivua kofia akaingia, akakaa kwenye benchi kwa muda. Alipotoka alisema: "Nimepita hapa mara ngapi sijui. Sikuwahi kuingia. Lori halimngojei taniboi."

Kulala nje kwa kupenda

Kambini aliwaonyesha watoto kuweka mawe kwenye magurudumu kabla ya kuifungua karavani kutoka kwa gari. Migunga mingi ya ukingoni imesimama mikavu ndani ya maji tangu ziwa lilipofurika mnamo 2020. Alasiri upepo ulivuma na ziwa likachafuka, nasi tukaelewa kwa nini Wamaasai waliliita Nai'posha, maji yanayochafuka.

Kesho yake tuliingia mbuga ya Hell's Gate, iliyofunguliwa mnamo 1984, mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Watoto waliendesha baiskeli pundamilia wakiwatazama, na kwa mbali mvuke ulipanda kutoka Olkaria, ambako umeme huzalishwa kwa joto la ardhi tangu 1981. Tulitaka kushuka korongoni, lakini Babu aliona wingu zito likitanda akakataa katakata. Hakukosea: mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo hilo mnamo 2012 na tena 2019.

Jioni, tukiota moto, kitinda mimba alimuuliza kama kulala chini ya lori kulikuwa na raha kama hii. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniangalia mimi, si mtoto.

"Kulala nje kwa kulazimishwa na kulala nje kwa kupenda si kitu kimoja," alisema. "Mimi sikuchagua. Nyinyi mmechagua, na mmenileta nichague pia."

Alikataa kitanda tulichomtandikia. Akalala nje ya mlango, ndani ya uzio, amejifunika mablanketi mawili, akisikiliza viboko.

Kwa msomaji anayetamani njia hii, ushauri wangu ni mfupi. Inua zulia kabla ya kulipa. Soma tarakimu za tairi. Hakikisha trela ina nambari yake inayoanza kwa Z na kitabu chake cha umiliki. Kisha mtafute mzee anayejua njia, kwani uzee dawa.

Tangazo langu la kuuza nililichana. Juzi Babu alipiga simu kutoka Machakos. Hakuuliza habari za kazi wala za shule. Alitaka kujua safari ijayo ni lini, na ni nani atakayepanga mzigo.