Maji mapafuni, na kengele inayolia usiku

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za kuandika programu zimenibana. Leo tuongee juu ya vifaa vya kuvaa vinavyopima maji kwenye mapafu bila sindano wala kisu.

Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujikusanya mapafuni. Kanuni ya kuyapima ni ile ya darasa la fizikia. Hewa haipitishi umeme; maji ya mwili yana chumvi, kwa hiyo yanaupitisha. Ukibandika elektrodi kifuani na kupitisha mkondo mdogo usiohisika, ukinzani hushuka kadiri maji yanavyoongezeka. Wengine hutumia mawimbi ya redio: ReDS, kifaa cha kutoka Israeli, huvaliwa kifuani kwa muda mfupi kisha hutoa asilimia ya maji. Kawaida ni 20 hadi 35.

Mama mkubwa wangu ana ugonjwa huu. Yeye ana mizani tu. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, apige simu kliniki. Mizani, jamani, haiwezi kutofautisha maji na chapati! Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za vihisi hivi nilifurahi sana.

Halafu nikakutana na tafiti mbili. Zote zilihusu vifaa vilivyopandikizwa mwilini, lakini vinapima ukinzani uleule. Ule wa 2005, wa wagonjwa 33, ulionyesha ukinzani ukianza kushuka wastani wa siku 15 kabla mgonjwa hajahisi vibaya. Siku 15! Kisha 2011 ukaja DOT-HF, wagonjwa 335, ambapo kifaa kilimlilia mgonjwa mwenyewe. Waliosikia kengele walilazwa hospitali mara nyingi zaidi kuliko wasioisikia, na vifo havikupungua.

Sisi waandishi wa programu tunalijua hilo. Seva ikituma onyo kila saa, unaamka kila saa, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Lakini mgonjwa wa moyo ukimwamsha hivyo, atakimbilia hospitali, na nani atamlaumu? Nimonia nayo hushusha ukinzani.

Kwa hiyo kifaa hiki kikifika kwetu kwa bei ya kununulika, nitamnunulia mama mkubwa, ila spika nitaizima. Namba ziende kwa SMS kwa muuguzi wa kliniki, zikiwa pamoja na uzito wa wiki nzima, yeye ndiye aamue kama dawa ya kukojoza maji iongezwe. Sehemu ya SMS nimeshaanza kuiandika. Muuguzi wa kuzisoma kila asubuhi bado sijampata.