TUTAPIKIA NANI? (Luka 10:1-9)



Wengi mmeniuliza habari za misheni yetu ya Agosti kule Uganda. Picha mmeziona. Mmeona mkutano, mmeona watoto wakiimba, mmeona vijana wetu wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Leo naomba niwasimulie jambo ambalo halikupigwa picha, na ambalo linanihusu mimi mchungaji wenu kuliko mtu mwingine yeyote katika safari ile.

Tulikuwa watu 14, wengi wao vijana, shule zikiwa zimefungwa. Tulitoka Eldoret alfajiri, tukavuka mpaka pale Malaba kwa vitambulisho vyetu, tukapita juu ya daraja la Mto Naili kule Jinja, tukalala Kampala. Kesho yake tukashika barabara ya Masaka, tukasimama kidogo Kayabwe kwa sababu vijana walitaka kukanyaga ikweta, tukafika Mbarara. Baadaye lami ikaisha, tukaingia Nakivale.

Kwa ambaye hapajui, Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960. Kwa hiyo wapo waliozaliwa pale, wakaoa pale, na sasa wana wajukuu pale. Utakuta Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Ni watu zaidi ya laki moja. Serikali ya Uganda haiwafungii ndani ya ua; familia hupewa kipande cha ardhi ijenge na kulima. Lakini watu wanaongezeka na ardhi ni ile ile, na misaada ya chakula imepunguzwa miaka hii ya karibuni.

Hayo niliyajua kabla hatujaondoka. Ndiyo maana nilitangaza madhabahuni, mtakumbuka, kwamba timu yetu haitakuwa mzigo kwa mtu. Tulibeba unga, mchele, maharagwe, mafuta, tambi, hata mtungi wa gesi. Mlipiga makofi. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahia yale makofi.

Siku zetu zilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri ngoma inalia, maombi yanaanza katika kanisa la matope lenye paa la mabati. Ndugu zetu Wakongo hawaombi wakiwa wamekaa! Kukipambazuka, wasichana wetu wanaenda bombani na mitungi ya lita 20, wanapanga foleni na akina mama wa kijiji. Pale ndipo walipofundishwa Kiswahili cha Kongo na kuchekwa kwa Kiswahili chao cha Kenya. Asubuhi tunatoka wawili wawili, nyumba kwa nyumba. Alasiri ni zamu ya watoto. Saa kumi na moja jioni jenereta inawashwa na mkutano unaanza. Usiku tunalala kanisani juu ya mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, viroboto kila upande.

Na chakula? Tulipika wenyewe nyuma ya kanisa, kwa gesi yetu, tukala wenyewe, mlango umerudishwa ili watoto wa jirani wasione. Niliona ni busara. Mama kiongozi wa wanawake wa kanisa lile, mjane anayelea wajukuu wanne, alikuja siku ya kwanza kutukaribisha kwake. Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue, tumejitosheleza. Siku ya pili akaja tena. Nikamjibu vile vile, kwa tabasamu la kichungaji.

Siku ya tatu alikuja, hakusema karibuni. Alisimama mlangoni na kuangalia sufuria yetu ya wali. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkanya mdogo wake bila kutaka kumwaibisha: "Pasta, myaka yote batu banatuletea chakula. Nanyi mukikatala kula kwetu, sisi tutapikia nani?"

Akaenda zake. Hakungoja jibu, na mimi sikuwa nalo.

Wapendwa, usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya viroboto. Nilikuwa nimeandaa kuhubiri Luka 10 siku ya kufunga mkutano, pale Bwana Yesu anapowatuma wale sabini. Nimehubiri mlango huo miaka mingi. Nikawasha tochi ya simu nikausoma tena. Anawakataza mfuko. Anawakataza mkoba. Anawaambia wakae katika nyumba ile inayowapokea na wale kile wanachowekewa mbele yao. Mimi nilikuwa nimekuja na gari lenye mikoba mpaka juu ya paa!

Siku zote nilidhani Bwana aliwatuma mikono mitupu ili wajifunze kumtegemea Mungu. Ni kweli, lakini usiku ule niliona na upande wa pili. Aliwatuma hivyo ili yule anayewapokea awe na kitu cha kuwapa. Mtu aliyeshiba kutoka mkobani mwake hana haja na mlango wa mwenzake. Atahubiri akiwa uani, lakini ndani hataingia.

Waliokimbia Kongo walipoteza mashamba, wengine walipoteza watoto. Wamepanga foleni za mgao, wamehesabiwa, wametiwa alama kwenye karatasi. Kila mtu anayefika anawaletea kitu. Yule mama alikuwa amebakiwa na heshima moja ambayo hakuna vita iliyomnyang'anya, heshima ya kumwekea mgeni chakula. Mimi, mtumishi wa Mungu, niliikataa mara mbili huku nikitabasamu.

Asubuhi nilikwenda kwake kabla ya chai. Nikamwomba msamaha, nikamwambia tuna njaa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile tulikula kwake sote 14, tumebanana uani. Ugali wa muhogo, sombe (ndicho kisamvu), na samaki wadogo wakavu kama omena wetu. Wajukuu wake walitunawisha mikono mmoja mmoja, wamenyooka kama askari wa gwaride.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi kumeza. Kijana mmoja wetu aliniuliza njiani, "Pasta, si tumekula chakula cha wale watoto?" Ni swali la haki. Nilimwambia tu ukweli, kwamba na mimi nimekuwa nikiliuliza tangu tonge la kwanza. Eliya naye alikula kwa mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, na unga ulikuwa wa mwisho. Kisa kile nimekihubiri kila mara kutoka upande wa nabii, na sikuwahi kufikiri ilivyokuwa kwake kunyoosha mkono.

Kesho yake tulihamishia unga wetu na mchele jikoni kwa mama. Mwanzoni alikataa. Nikamwambia kwetu mgeni haji mikono mitupu. Akatafakari kidogo, akasema, "Hiyo naijua," akapokea. Tangu siku hiyo ilikuwa sufuria moja. Wasichana wetu walisonga ugali pamoja naye, mlango ukabaki wazi, na watoto wa jirani walikula pamoja nasi. Mchele uliisha siku mbili kabla ya kuondoka. Hatukulala njaa hata siku moja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani maana yake ni kile mgeni alichobeba.

Sasa nimerudi, na neno hili limenifuata hadi nyumbani. Kuna mama katika kanisa letu, anauza mboga. Nimemwombea mara nyingi, nimempelekea unga wakati wa shida. Kwa miaka minane sijawahi kunywa chai nyumbani kwake. Kila akinikaribisha nasema, "Usijisumbue mama, nina haraka." Jumanne iliyopita nilikwenda, nikakaa. Alitoa kikombe kutoka ndani ya kitambaa, akakiosha mara mbili. Nilipotaka kuomba kabla ya kuondoka, akaniambia, "Leo nitakuombea mimi, Pasta." Nikapiga magoti pale pale sakafuni.

Mpendwa, ni nani unayempa kila mara na hujawahi kupokea kitu mkononi mwake? Wiki hii nenda kwake. Usibebe kitu. Kaa, kula atakachokuwekea.

TUOMBE: Baba, tusamehe pale tulipotoa ili tuonekane wakubwa. Tuondolee kiburi cha kutotaka kupokea. Wakumbuke watu wako wa Nakivale, wape mvua kwa wakati, wape amani kule walikotoka. Na yule mama, Bwana, sufuria yake isikose mgeni. Katika jina la Yesu. Amina.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili.