Mita Kwanza, Plaizi Baadaye

Ilala, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako nilimwona Ijumaa, hajambo, analalamika tu kwamba hupigi simu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeweka alamu kwenye ile HiAce ya wanafunzi, king'ora kinalia na taa zinawaka, lakini vitasa havisikii rimoti, zimebaki nyaya sita, karatasi ya maelezo ni ya Kichina, na mwenye gari analitaka kesho. Mwambie asubiri. Haraka ni yake, lakini kikiungua kitu deni ni lako.

Nyaya sita hizo ni rilei mbili tu, moja ya kufunga na nyingine ya kufungua. Kila rilei ina nyaya tatu: wa kati, wa kutulia na wa amri. Usiamini rangi, kila kiwanda kina zake. Weka mita kwenye mlio utafute mbili zinazogusana alamu ikiwa imetulia, kisha mwambie kijana wako abonyeze rimoti uone mlio unahamia wapi. Waya unaoshiriki milio yote miwili ndio wa kati. Andika kwenye daftari hapo hapo. Mali bila daftari, unaujua mwisho wake.

Sasa geukia gari. Ng'oa kile kibao cha plastiki karibu na mguu wa kulia wa dereva, utaziona nyaya zinazotoka mlangoni kupitia kwenye mpira. Ncha nyeusi ya mita ibane kwenye bolti ya bodi isiyo na rangi wala kutu. Nyekundu ipenyeze kwa nyuma ya soketi, usiutoboe waya katikati, maana tundu la sindano ndilo litakaloingiza maji masika yakifika. Kisha kijana afunge na kufungua kwa kitufe cha gari, wewe ukitazama namba.

Waya ukikaa na volti, halafu ukashuka hadi sifuri akibonyeza, gari hilo linaamrishwa kwa hasi. Kazi imekuwa nyepesi: wa kati unauunga hapo bila kukata kitu, wa amri unaupeleka kwenye bodi, wa kutulia unaufunga tepu na kuuacha.

Waya ukikaa sifuri kisha ukaruka hadi volti 12, tulia. Hapa ndipo mafundi wanapounguza magari ya watu. Huenda ni amri ya chanya, na huenda umeushika waya wa mota yenyewe, ambao ukipumzika umelala kwenye bodi. Volti peke yake haikutofautishii. Zima swichi, weka mita kwenye omu, pima kutoka waya huo hadi kwenye bodi. Ukisoma karibu na sifuri, huo ni wa mota, na ukiuletea chanya bila kuukata umeipiga shoti betri. Huo unakatwa: wa kati uelekee kwenye mota, wa kutulia urudi upande wa swichi, wa amri upate chanya iliyopitia fyuzi yake. Fanya hivyo kwa nyaya zote mbili, wa kufunga na wa kufungua.

Kuna gereji moja huku walipokea gari la toleo la karibuni, ambalo kitufe chake kinaongea na kompyuta kwa volti chache tu. Fundi akaona waya una uhai, akaupa 12. Vitasa vikafa na vioo vikafa navyo, na yeye akawa wa kushinda mitaa ya Gerezani akitafuta kompyuta ya mtumba. Ile taa ya kupimia yenye balbu nayo iache kwenye boksi la vifaa ukiwa chini ya dashibodi. Inavuta umeme mwingi kuliko mita, na soketi za njano utakazoziona ni za mifuko ya hewa.

Kuna swali hukuniambia jibu lake. Ukitoa amri kwenye waya, mlango wa dereva unafunga pamoja na mingine, au unabaki wazi? Gari nyingine mlango huo hauna mota, una swichi ya kuiamrisha mingine tu. Ukikuta hivyo, nunua mota ya kuongeza ya nyaya mbili. Nyaya za kati za rilei ziende kwenye mota, za kutulia kwenye bodi, za amri kwenye chanya. Mota ikivuta fimbo ya kitasa, swichi ya kiwandani itaiamrisha milango mingine. Nyaya zake zipitishe ndani ya ule ule mpira. Spoku ya baiskeli huzivuta vizuri. Zikipita nje, bawaba itazikata. Maungio yote lehemu kwa risasi. Vile vibanio vya plastiki wauzie wengine.

Hili ni gari la watoto. Funga milango yote kwa rimoti, kaa ndani, ujaribu kila mkono wa kufungulia, wa mlango wa kuburuta kwanza. Ule mpango wa alamu kujifunga yenyewe baada ya sekunde chache uuondoe, konda atasahau rimoti kwenye kiti. Na mwenye gari akitaka injini izimwe kwa mbali likiwa barabarani, kataa hata akiongeza hela. Rilei ya kuzuia iwe kwenye waya wa stata basi. Mahali ulipoificha mwonyeshe yeye, na hapo daftari lisihusike, wala picha ya simu.

Usiku liache gereji. Asubuhi fungua kichwa cha hasi cha betri, mita ikae katikati kwenye ampea, milango ifungwe, usubiri gari lilale kabisa. Ikisoma zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi ya alamu uone kama ndiyo inayokunywa au gari lilikuja na kiu yake, na umwambie mwenyewe kabla hajaondoka. Ukikwama nipigie baada ya Isha. Pasi ya kulehemu uliyoiomba nitaituma na basi la Jumatano, nauli ya mzigo nitalipa huku.

Mjomba wako